Kitabu kilicholiwa na mchwa, na yoga inayofundishwa na simu



Historia tunayozoea kuandika hapa ni ya Leopold, ya Lumumba, ya madini na ya vita. Leo naomba nafasi kwa historia ya zoezi la mwili. Linatoka mji wa Mysore, kusini mwa India, na siku hizi kuna vijana wa Bukavu wanaolifanya asubuhi chumbani, mkeka chini, simu imeegemezwa kwenye bidoni ya maji. Mimi ni mmoja wao. Wenyewe wanasema zoezi hili hupita toka kwa mwalimu kwenda kwa mwanafunzi, mkono kwa mkono, na kwamba mtu wa video ni mtu wa nje ya mlango. Nilitaka kujua kama historia inawapa haki. Nimesoma, na naona haiwapi haki yote.

Kwanza tuelewane ni kitu gani. Linaitwa Ashtanga vinyasa. Unapumua kwa pua, na pumzi inapita kooni na kasauti kidogo, kama ziwa usiku likiwa limetulia. Kila tendo lina pumzi yake: mikono ikipanda unavuta, ukiinama unatoa. Salamu ya jua ya kwanza ina hatua 9, ya pili ina 17, na unazirudia mara tano tano mbele ya kuingia kwenye mikao mingine. Hatua zinahesabiwa kwa Kisanskriti: ekam, dve, trini, chatvari, pancha. Macho nayo yana pa kuangalia, mara ncha ya pua, mara kidole gumba cha mguu. Mpangilio haubadiliki, mkao unaofuata leo ndio uliofuata jana. Iko mifululizo sita, na wengi duniani wanazeekea kwenye ule wa kwanza, unaoitwa Yoga Chikitsa, yaani yoga ya tiba. Siku sita kwa juma, siku moja mapumziko; mwezi ukiwa mpevu ao ukiwa mchanga, hawafanyi. Hakuna kusimama kati ya mkao na mkao, unatoka huku unaingia kule kwa pumzi. Njo maana inaitwa ya kutiririka.

Sasa, ilitoka wapi? Hapa ndipo kitabu cha mchwa kinaingia.

Tirumalai Krishnamacharya, aliyezaliwa 1888, ndiye mwalimu wa walimu wote wa ukoo huu. Mwenyewe alisimulia kwamba alikaa miaka saba na nusu kwa mwalimu wake karibu na mlima Kailash, upande wa Tibet. Na mwanafunzi wake K. Pattabhi Jois alisimulia kwamba mikao yote pamoja na hesabu yake ilikuwa imeandikwa kwenye maandiko ya zamani sana, Yoga Korunta, na kwamba Krishnamacharya aliyaona kwenye maktaba ya Calcutta. Yako wapi maandiko hayo? Yaliliwa na sisimizi. Hakuna aliyewahi kuyatoa yakaonekana.

Mimi mtu wa kilimo hapa nacheka kidogo. Sisimizi hali karatasi. Anayekula karatasi, majani ya mtende, mlango wa nyumba na diploma ya baba yako ni mchwa. Ila Waingereza wa India walizoea kumwita mchwa sisimizi mweupe, kwa hiyo sisimizi wa hadithi hii huenda ni mchwa tu, na mchwa kula maandiko ni jambo la kawaida kabisa katika nchi za joto. Kwa hiyo hadithi inawezekana. Lakini kuwezekana na kuhakikishwa ni vitu viwili, mwalimu yeyote wa metodolojia atawaambia hivyo.

Kile tunachoweza kushika kwa mkono ni hiki. Mfalme wa Mysore, Krishnaraja Wodeyar wa Nne, alimpa Krishnamacharya nafasi ndani ya jumba la Jaganmohan miaka ya 1930 ili afundishe yoga vijana. Jumba hilo tayari lilikuwa na mazoezi yake: mieleka, viungo, kamba. Maktaba ya kifalme ilikuwa na Sritattvanidhi, kitabu cha karne ya 19 chenye michoro ya mikao 122. Mtafiti Norman Sjoman alionyesha hayo mwaka 1996. Mwaka 2010 Mark Singleton akaongeza kwamba zama zile India nzima ilikuwa imejaa jimnastiki za Ulaya, na kwamba mikao fulani ya Ashtanga inafanana sana na mazoezi ya Mdenmark mmoja, Niels Bukh, yaliyoenea jeshini na mashuleni. Salamu ya jua yenyewe ilitangazwa kama zoezi la afya miaka ya 1920 na mfalme mwingine mdogo, Pant Pratinidhi wa Aundh, aliyeifundisha mashuleni mwake.

Wengi wamemsoma Singleton wakasema basi, yoga ni jimnastiki ya wazungu iliyovikwa nguo ya Kihindi. Hapo sikubaliani nao. Kufanana si uthibitisho. Mtu mwenye mikono miwili na miguu miwili hana njia nyingi za kuinama. Hatha Yoga Pradipika ya karne ya 15 inaeleza mikao na pumzi, na hapo hakuna Mdenmark. Kwa upande mwingine, Yoga Sutra ya Patanjali, ambamo neno ashtanga linatoka (ashta ni nane, anga ni viungo), ina mafungu karibu 196, na yanayozungumzia mkao wa mwili ni matatu tu. Mkao ni kiungo kimoja kati ya vile nane. Ninavyosoma mimi, Krishnamacharya alichukua vya zamani na vya jumbani, akavipanga upya kwa ajili ya vijana wenye damu ya moto. Alikuwa na elimu kubwa ya Kisanskriti na alikuwa na mshahara wa mfalme. Vyote viwili vilifanya kazi.

Sasa nije kwenye macho, juu hapa ndipo ubishi wetu ulipo.

Mwaka 1927 Pattabhi Jois alikuwa mtoto wa miaka 12. Hakumjua Krishnamacharya. Alienda kwenye ukumbi mmoja mjini Hassan, akamwona anaruka toka mkao hadi mkao mbele ya watu, na kesho yake akaenda kumwomba amfundishe. Mwanzo wa ukoo wote ni mtoto aliyeketi anatazama. Baadaye mfalme alimtuma Krishnamacharya na wanafunzi wake wazunguke India kuonyesha yoga majukwaani. Mwaka 1934 kikatoka kitabu chake, Yoga Makaranda, na picha ndani. Mwaka 1938 ikapigwa filamu, nyeusi na nyeupe, bila sauti: Krishnamacharya mwenyewe, jamaa yake, na shemeji yake kijana B.K.S. Iyengar, ambaye baadaye alijulikana dunia nzima. Filamu hiyo mukiitafuta leo YouTube mutaipata, kwa mega chache tu.

Halafu kuna kisa cha Mbelgiji, na sisi Wakongomani lazima tukipende. Mwaka 1964, miaka minne baada ya uhuru wetu, mtu wa Ubelgiji aitwaye André Van Lysebeth alifika Mysore, akajifunza kwa Jois, ambaye tangu 1948 alikuwa na shule yake ndogo katika mtaa wa Lakshmipuram. Aliporudi kwao aliandika kitabu kwa Kifaransa, J'apprends le yoga, kilichotoka 1968. Kichwa chake maana yake ni kwamba najifunza yoga, na ni kitabu cha mtu anayejifunza nyumbani. Mwingine kati ya vitabu vyake ulikuwa na picha ya Jois, pamoja na jina na mahali anapopatikana. Wazungu wakaanza kufika Mysore mmoja mmoja. Fikirini hilo: mlango wa shule iliyosema huwezi kujifunza bila mwalimu ulifunguliwa na picha kwenye karatasi, kwa lugha ileile tuliyofanyia egzeta.

Wamarekani nao walifika kwa kuona. David Williams alimwona Manju, mtoto wa Jois, akifanya mfululizo huo Pondicherry mwaka 1972. Mwaka uliofuata yeye na Nancy Gilgoff wakaenda Mysore. Mwaka 1975 Jois na Manju wakaalikwa Encinitas, California. Na mwaka 1993 Jois alisimama mbele ya kamera huko California, akahesabu mfululizo wa kwanza kwa sauti yake huku wanafunzi sita wakifuata. Ikawa kaseti ya VHS. Hakuna muziki wala mapambo, ni mzee anahesabu na watu wanatoa jasho. Kaseti ile ndiyo bibi wa video zote tunazopitishiana leo kwa karte memwari.

Kwa nini zoezi hili liliingia vizuri kwenye kaseti, kuliko mengine? Kwa maoni yangu ni ile hesabu. Mwalimu wa mieleka haachi namba nyuma yake, anaacha ujanja. Jois aliacha namba. Mtu wa Shabunda na mtu wa Helsinki wakisikia chatvari wote wanaenda chini. Sisi tuliosoma kwa silabi ya profesa ambaye hatukumwona zaidi ya siku tatu mwaka mzima, tunajua kitu chenye mpangilio kinasafiri mbali zaidi kuliko mwenyewe.

Lakini silabi haijibu swali. Na video haikuoni.

Mysore kwenyewe hawafundishi kama kwenye kaseti. Hakuna anayehesabia chumba kizima kila siku. Kila mtu anafanya kwa mwendo wake, na mwalimu anapita kati yao. Anakupa mkao mmoja. Ukiushika ndipo anakuongezea wa pili, pengine baada ya juma, pengine baada ya miezi. Video inakupa yote siku moja, saa moja na nusu, kutoka salamu ya jua hadi kulala chali. Kijana wa miaka 25 mwenye kiburi anajaribu kuketi miguu imekunjwa juu ya mapaja siku ya pili, na anayelipa ni goti. Nyonga ikiwa ngumu, mzunguko unahamia gotini, na goti halikuumbwa kwa kuzunguka. Hilo si jambo la roho wala la India, ni bawaba ya mlango tu. Nimejiwekea sheria: video inacheza hadi pale ninapoweza kupumua bila kukatika, pale nasimamisha, narudi kwenye mikao ya kumalizia. Ni namna ya kuwa na Mysore kidogo ndani ya chumba cha Bukavu.

Na mkono wa mwalimu una upande wa pili ambao watu hawapendi kuusema. Jois alifariki 2009. Baadaye wanafunzi wanawake kadhaa walisema hadharani kwamba alikuwa akiwagusa vibaya kwa kisingizio cha kuwarekebisha, na zilikuwepo picha. Mwaka 2019 mjukuu wake Sharath, aliyeirithi shule na aliyefariki Novemba 2024, aliandika kuomba msamaha kwa maumivu hayo. Najua hapa kwetu heshima kwa mwalimu ni kubwa, na wadogo zetu wa kike kwenye vyuo wanajua vizuri bei ya heshima hiyo inapotumiwa vibaya. Kwa hiyo mtu akiniambia video ni upungufu, namkubalia, ila namkumbusha kwamba simu haijawahi kumshika mtu.

Nairobi wamepita njia ya katikati. Mwaka 2007 Mmarekani Paige Elenson alianzisha Africa Yoga Project, mwanzo kabisa na vijana wa sarakasi. Wanachofundisha ni vinyasa ya Baron Baptiste, mjukuu wa hizi za Iyengar na Jois. Vijana wa mitaa kama Kibera wanafunzwa kuwa walimu, halafu wanarudi kufundisha mashuleni, magerezani na mitaani kwao. Kile ninachokipenda hapo ni kwamba aliyeondoka na yoga alirudi nayo nyumbani, akipumua na watu anaowajua. Ni kama shamba darasa, ile namna iliyoanza kule Indonesia mwaka 1989, ambapo wakulima wanasimama pamoja ndani ya mpunga wanaangalia wadudu, badala ya kupokea karatasi toka kwa monita wa kilimo. Kila mwanafunzi wa agronomia anajua karatasi hizo zinaishia wapi: kufungia karanga.

Shabunda haina shamba darasa la yoga, wala haitakuwa nalo kesho. Ni teritwari kubwa kuliko zote za Kivu ya Kusini, na barabara ya kupitia Burhale ni barabara kwa jina. Watu na mizigo vilizoea kwenda kwa ndege toka Kavumu. Tangu Februari 2025, vita ilipofika Kavumu na Bukavu, hata hilo limekatika. Elimu inayofika kule inafika ndani ya simu ya mtu, kwa pikipiki na kwa mguu.

Ila msinielewe vibaya, kule si kwamba hakuna anayejua kupitisha elimu kwa mwili. Sisi Warega tulikuwa na Bwami, na bado tuko nayo kidogo. Wengi wenu munaijua kwa zile sura ndogo za pembe na za mti zilizo kwenye makumbusho ya Tervuren. Bwami ina ngazi, za wanaume hadi kindi, za wanawake nazo hadi bunyamwa. Unapanda kwa kufundishwa: mzee anachukua kitu, anacheza nacho, anaimba methali yake, na mwili wako unajifunza maana kabla kichwa hakijaielewa. Kile kisura kinachoitwa lukwakongo, mzungu akikiona ukutani anafikiri ni cha kuvaa usoni. Kinaweza kushikwa mkononi, kufungwa mkononi, kutundikwa kwenye ua, kuburutwa kwa ndevu zake. Bila mchezo na bila methali, ni kipande cha mti tu. Serikali ya Wabelgiji iliipiga Bwami marufuku na wamisionari wakaiita ya shetani, vitu vikapanda meli, walimu wakabaki na midomo imefungwa.

Sasa linganisheni. Mysore kitabu kililiwa, ao hakikuwepo, lakini mzee alibaki anahesabu. Kwetu vitu vipo salama Ulaya, ndani ya kioo, mchwa hawafiki, na anayehesabu ndiye anayekufa. Kati ya hasara hizi mbili mimi naona ya kwetu ni nzito zaidi.

Kuna pasta mmoja jirani aliyeniambia niache yoga, eti ni pepo wa Kihindi. Nilimjibu kwa heshima, "Baba, ni kweli ina mizizi ya Kihindu, Jois alikuwa Brahmin na alianza somo kwa sala yake." Ninapofika kwenye sala hiyo napeleka video mbele, kwa sababu si sala yangu, na sipendi kuigiza sala ya mtu. Mwingine anaweza kuona ninakata kiungo. Huenda. Lakini neno lile la pepo nilikuwa nimelisikia tayari kwa babu, akisimulia walichoambiwa juu ya Bwami, na ndiyo sababu halinitishi tena.

Binamu yangu yuko Shabunda centre. Mwaka jana alimwendea mama mmoja mzee, mjane wa kindi, mwenyewe mwenye ngazi yake, akamwomba arekodi nyimbo zake kwa simu. Mama alifikiri siku mbili. Alikataa picha kabisa, kwa sababu mchezo ni wa wale waliolipia ngazi. Sauti aliikubali, tena nyimbo alizochagua yeye, si nyingine. Karte ilifika Bukavu ndani ya mfuko wa shati la msafiri, baada ya majuma matatu. Nimeisikiliza usiku, halafu nikafungua tena ile filamu ya Mysore ya 1938. Kule unaona kila kiungo cha Krishnamacharya, mbavu zinapanda na kushuka, na pumzi haisikiki hata moja. Kwa mama wa Shabunda huoni kitu. Unasikia mguu unapiga chini, mara nne, kimya kidogo, halafu anavuta pumzi na kuanza.